Jarife la Korogwe na Ndoa ya Zamda

Mpendwa Mama Grasiana,

Shikamoo mama, na pole kwa kazi ya kusoma shida za watu. Naomba msaada wako, tena upesi, na kama mwandiko wangu unakusumbua nivumilie, maana nimejua kuandika juzijuzi tu katika kisomo cha watu wazima na sijawahi kuandika barua ndefu hivi, tena naiandika nikiwa Kwashemshi kwa dada yangu, nyumbani siwezi kushika kalamu bila mume wangu kuniuliza naandika nini.

Mimi ni mwanamke wa ndoa, watu wananiita Mama Sadala. Kijiji chetu kiko Handeni, ni kijiji kipya cha ujamaa, tulihamia mwaka wa sabini na nne kila mtu akaacha mahame yake huko alikokuwa, nami nikapangiwa kiwanja jirani na Zamda, mke wa Mwinjuma. Tulikuwa hatujuani, lakini kinu chake kilipasuka njiani kwenye lori wakati wa kuhama, akaja kutwanga kwangu siku ya kwanza na hakuacha tena, mpaka leo watoto wake wakisikia njaa wanaingia jikoni kwangu bila kupiga hodi. Huyo Zamda ndiye anayeninyima usingizi.

Adui wetu ni nguruwe pori. Tangu mashamba yawekwe pamoja wanakuja kama wamealikwa. Sisi ni Waislamu, hatuwali, tunawaua kwa ajili ya mahindi tu, na mizoga wanakuja kuichukua watu wa kambi ya mkonge. Msako wenyewe ni wa nyavu, mama, sijui kama kwenu upo, kila mwanamume ana wavu wake wa katani aliousuka mwenyewe au aliorithi, na siku ya msako wanaunganisha nyavu zote ncha kwa ncha kandokando ya pori mpaka zinakuwa ukuta mmoja mrefu, halafu vijana na mbwa wanapiga kelele kutoka upande wa pili, nguruwe wanakimbia wananasa, na kila mtu amesimama na mkuki nyuma ya wavu wake. Mwanamke haruhusiwi kuushika wavu wala kuuruka, na siku hiyo mke anatakiwa atulie nyumbani, asigombane na mtu, na hasa awe mwaminifu, kwa sababu wazee wanasema mnyama akimjeruhi mwindaji basi mkewe ametoka nje.

Sasa wavu wa mume wangu Semboja ulikuwa wa marehemu baba yake, mkongwe, panya wameutafuna, mvua zimeuozesha, na kila mwaka wakati wa palizi, wakati ambao mikono inahitajika shambani, yeye alikuwa anakaa kivulini anasokota katani na kuziba matundu, ukimwita anasema naye yuko kazini, mimi nalima peke yangu na mtoto mgongoni. Nilichoka mama. Ndipo mwaka jana nikiwa natoka huku huku kwa dada nikapita sokoni Korogwe nikamkuta mtu amelitandaza jarife, ule wavu mkubwa wa pwani wa kukamatia papa, wa nailoni, umetoka Pangani, mweupe unang'aa, nikauvuta kwa nguvu zangu zote haukulia hata kidogo, nikamwuliza ni imara kweli, akaniambia, "Mama, huu unazuia papa mzima, wewe unaniuliza habari ya nguruwe?" Nikaenda nyumbani nikauza mbuzi wangu wawili, mbuzi wangu mwenyewe si wa Semboja, nikarudi nikaununua, nikaufunga ndani ya kanga, nikaubeba kichwani mpaka kwenye basi na kutoka kwenye basi mpaka nyumbani.

Semboja alipoufungua alifurahi mpaka akacheka peke yake, halafu akakumbuka nani ameubeba, akaniambia nisimwambie mtu yeyote, yeye atasema amekwenda kuununua mwenyewe. Ule wa baba yake akaukatakata kufungia ndama. Msako wa kwanza jarife lilinasa dume kubwa na watu wakamsifu sana, Mzee Mdoe anayeongoza msako akamwita mtu wa maendeleo, nami nikawa natembea kijijini roho nyeupe. Palizi ile mume wangu alilima.

Msako wa pili ndio uliotuletea haya. Mwinjuma ndiye aliyeunganisha na Semboja, wavu wake wa katani ukikutana na jarife letu. Nguruwe jike akaja kwa kasi, akaupiga wavu wa Mwinjuma, na watu wanasema hawakuelewa kilichotokea, waliona tu nguruwe yuko upande huu na Mwinjuma yuko chini, paja limechanwa hata mfupa unaonekana. Wakambeba kwa machela mpaka barabarani, sasa yuko hospitali na anapona, lakini atachechemea. Wazee waliporudi kuukagua wavu wake wakaukuta mzima, hauna tundu, hauna uzi uliokatika. Wakaulizana kama wavu ni mzima nguruwe amepita wapi, na jibu wakalipata kwa Zamda.

Mama Grasiana, siku ile ya msako nilikuwa na Zamda kutwa nzima, tulichambua choroko barazani kwangu. Nilisema hivyo, lakini Bi Tatu, mama yake Mwinjuma, akanijibu mbele ya watu, "Mwanangu, hatuulizi siku hiyo. Tunauliza siku zote." Wakamketisha Zamda wakamtaka amtaje mwanamume. Akaapa. Wakamwambia anayeapa haraka ana jambo. Mwisho wakamfungia vitu vyake, amerudishwa kwao Kang'ata, watoto wamebaki kwa bibi yao, na Mwinjuma ametuma neno kutoka hospitali kwamba siku akitoka kitandani atamwandikia talaka. Asubuhi anaondoka Zamda alinishika mkono akasema, "Mama Sadala, wewe unanijua. Kama kuna kitu nilikosea bila kujua, niambie." Sikumjibu neno.

Wiki ile ile, kabla Zamda hajaondoka, nilikuwa nimepita nyuma ya nyumba mchana, kwenye banda la mbuzi ambalo sasa halina mbuzi, nikamkuta Semboja amefunga kipande cha kamba ya katani na ncha ya jarife, fundo lile lile alilofundishwa na baba yake, la kuzungusha mara moja na kuchomeka ili nyavu zifunguke upesi mkimaliza. Akawa anavuta. Likateleza likafunguka. Akafunga tena, akavuta, likateleza. Jasho linamtoka. Aliponiona alikaa chini, akaniambia kwamba siku ya msako yeye aliliona pengo, ule muungano ulikuwa umeachia na ncha zimeanguka, na watu walipomkimbilia Mwinjuma yeye alilikunja jarife lake haraka kabla mtu hajaangalia. Akanishika mabega, akasema nikifungua mdomo watamfukuza kijijini, na mimi watanigeuzia, watasema kumbe mwanamke amebeba wavu kichwani, mkosi ni wake.

Na hapo ndipo pananimaliza, mama, kwa sababu sijui. Mchana najiambia ni fundo, nimeliona kwa macho yangu likiteleza. Nikikaa kidogo najiuliza, je, kama ni mimi kweli? Nimeushika, nimeubeba, na mtoto wangu wa kike aliuruka nilipoutua chini. Nikisema, namwangamiza mume wangu na mimi mwenyewe. Nikinyamaza, Zamda anaachika kwa kosa ambalo hata kulisikia hakulisikia. Tena msako mwingine uko karibu, mahindi yameanza kubeba, na Semboja anasema atakwenda na jarife lile lile maana hana wavu mwingine na asipokwenda wataanza kumshangaa. Chakula hakipiti. Dada yangu anadhani nina mimba. Nifanye nini? Nakuomba ulifiche jina langu.

Mwenye Jarife, Handeni

*

JIBU LA MAMA GRASIANA

Mama Sadala, marahaba. Mwandiko wako unasomeka vizuri sana, ningefurahi kama kila mtu mwenye digrii angeniandikia hivyo. Majina nimeyabadilisha yote, na hilo la Mama Sadala nimekupa mimi. Sasa kaa vizuri, maana nitakusema.

Kwanza pole. Mwanamke aliyelima peke yake na mtoto mgongoni, akauza mbuzi wake mwenyewe ili mumewe apate nafasi ya kushika jembe, hakufanya dhambi. Mimi ningekuwa wewe ningeuza na kuku.

Kosa la ununuzi wako ni dogo na wengi wanalifanya. Ulimwuliza muuzaji kama wavu ni imara, akakwambia ni imara, na hakukudanganya: papa hakati jarife na nguruwe hakulikata. Hukumwuliza linafungwaje. Nimezaliwa kambi ya mkonge, baba yangu alikuwa akisokota kamba, na najua katani ina vinyweleo vinavyoshikana vyenyewe, hata fundo la mvivu linakaa. Nailoni haina kitu cha kushika. Baada ya kusoma barua yako nilichukua uzi wa nailoni na kamba ya katani hapa ofisini, nikafunga kama ulivyoeleza, nikamwita mpiga chapa wetu avute. Likaachia bila hata kutoa sauti. Tukazungusha mara tatu na kurudisha ncha ndani, akavuta mpaka akaegemea ukuta, halikuachia. Ndiyo hivyo, mama. Hicho ndicho kilichopasua paja la Mwinjuma.

Lakini sikiliza kilicho kikubwa kuliko fundo. Chombo kipya kinajaribiwa kabla hakijaaminiwa, na kinajaribiwa mchana, mbele ya wanaokijua. Kama mumeo angelitandaza jarife uwanjani kwa Mzee Mdoe, wazee wale wangelivuta, wangelidharau, wangecheka, na mmoja wao angeliona fundo linateleza kabla hajamwona nguruwe. Hakulitandaza, kwa nini? Kwa sababu angeulizwa limetoka wapi na limekujaje. Mlianza kuficha kwa sababu ya kichwa chako, na kuficha huko ndiko kulikomlaza Mwinjuma hospitali. Sasa mnataka kutibu kwa kuficha zaidi.

Unaniuliza kama mkosi ni wako. Sitagombana na wazee wa Handeni gazetini, wana heshima yao na pori lao wanalijua kuliko mimi. Nakuuliza swali moja tu. Msako wa kwanza, ni wavu gani ulionasa lile dume kubwa? Si huo huo, uliobebwa na kichwa hicho hicho? Siku ile kichwa chako kilikuwa cha maendeleo, leo kimekuwa cha mkosi? Acha, mama. Unajua ukweli. Unautilia shaka kwa sababu shaka inakupa ruhusa ya kukaa kimya.

Tena nina hasira nawe, niseme wazi. Umeandika kurasa nyingi, umelia kwa ajili ya Zamda katika kila ukurasa, lakini hakuna mahali umeandika kwamba umekwenda Kang'ata kumwona. Umekwenda Kwashemshi kwa dada yako. Unaniomba nilifiche jina lako, nami nimelificha. Yeye jina lake liko mdomoni mwa kijiji kizima, wanalitaja kisimani, wanalitaja shambani, wanawe wanalisikia. Alikuuliza kama kuna kitu alikosea bila kujua, na wewe peke yako, kati ya watu wote waliosimama pale, ndiye uliyekuwa na la kumjibu.

Basi fanya hivi. Rudi nyumbani leo, usimalize hata siku ulizopanga kukaa kwa dada. Mwambie Semboja kwamba fundo hili halikuwa kosa la makusudi, hakuna mzee atakayemfukuza kwa kutojua nailoni, lakini kila siku anayonyamaza inageuka makusudi. Achukue jarife lake na kipande cha katani, aende kwa Mzee Mdoe, asianze na hotuba. Afunge kama alivyofunga siku ile, awape wanaume wawili wavute. Waone kwa macho yao kwamba wavu unaweza kuwa mzima na mnyama akapita. Hilo ndilo swali walilokosa jibu lake wakamtwika mwanamke, na wakilipata jibu kwa macho, hayatahitajika maneno mengi ya kumtetea Zamda. Halafu aseme aliliona pengo akalinyamazia. Hapo atakemewa, na akemewe, anastahili. Kama kuna faini ya kijiji, mlipe.

Kisha aende hospitali, yeye mwenyewe kwa miguu yake, amwambie Mwinjuma. Asimtume mtu. Talaka iko katika ulimi wa mtu mmoja tu na mtu huyo amelala kitandani akiamini mkewe ndiye aliyemchana paja. Kila siku anaamka na maumivu hayo mawili, na moja mngeweza kumwondolea leo.

Semboja akikataa, wewe nenda. Usiende kwa Bi Tatu, usiende kwa balozi wa nyumba kumi, usipitie kwa mtu. Nenda kwa Mwinjuma, mpigie shikamoo kama anastahili shikamoo yako, umwambie, "Shemeji, wavu niliununua mimi, nikaubeba mimi, na fundo liliteleza." Wakikugeuzia wewe maneno ya mkosi, na huenda wakakugeuzia, sikuahidi kwamba hawatafanya hivyo, utakuwa umesimama kwako, na mume wako kitandani mwako, na watoto wako mkononi. Zamda hana hata kimoja kati ya hivyo. Utavumilia.

Jarife lisiende msakoni. Hata kama mahindi yanaliwa, lisiende, mpaka ncha zake zote mbili zimeshonewa kamba ya katani ya kufungia, na Mzee Mdoe mwenyewe amezivuta. Nawe unapolibeba safari nyingine, libebe waziwazi.

Mwisho, kuhusu barua hii. Hujaniandikia mimi peke yangu, umeandikia gazeti, nami katika kesi hii nina watu wawili wa kuwahurumia, wewe na Zamda, si mmoja. Kwa hiyo nimefanya hivi. Jibu hili nimekutumia kwa posta kwa anwani ya dada yako kabla halijapigwa chapa, na wewe unalisoma sasa mapema kuliko Watanzania wote. Gazeti lenyewe litafika kwenu kwa basi kama linavyofika siku zote, na yule mwalimu wenu wa kisomo atawasomea watu kwa sauti. Majina nimebadilisha, lakini katika misitu yote ya Handeni jarife la papa ni moja tu, na Mzee Mdoe, au jina lake lolote lile, atalitambua kabla mwalimu hajafika nusu ya ukurasa.

Una siku chache, mama. Afadhali wakusikie wewe kuliko wanisikie mimi.